Koki Ipi, Mama?



Dalali wa nyumba ana njia yake ya kukupitisha, na ukishazungushwa nyumba tatu nne hapa Dar es Salaam utakuwa umeikariri. Anaanzia sebuleni, anagonga tailizi kwa kisigino ili usikie zilivyoshika. Anakuinulia macho kwenye jipsamu. Anafungua bomba la jikoni, maji yanatoka, anafunga upesi kabla hujauliza yanatoka siku ngapi kwa wiki. Chumba chenye choo ndani, kabati la ukutani, sehemu ya kuegesha magari mawili. Mnapatana, unalipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake, unakabidhiwa funguo. Katika mzunguko wote huo hakuna aliyekuonyesha umeme wa nyumba unazimwa wapi, wala maji yanafungwa wapi. Na wewe hukuuliza, maana ni kama kuuliza habari za talaka siku ya posa.

Leo nataka tuzungumze hilo tusilouliza. Kazi ya kuzitafuta sehemu hizo na kuziwekea alama si ngumu, asubuhi moja ya Jumamosi inatosha. Tatizo ni kwamba hata wale wanaoifanya huishia katikati. Mtu anazunguka nyumba, anaona koki, anaona meinswichi, anaweka kichwani, basi. Sasa kichwa hicho kila siku saa kumi na mbili asubuhi kinapanda daladala kwenda Posta.

Nyumbani anabaki nani? Dada wa kazi aliyefika wiki iliyopita kutoka Singida. Bibi aliyekuja mjini kutibiwa macho. Mtoto wa darasa la tano aliyerudi mapema kwa sababu walimu wana kikao. Bomba likipasuka, hao ndio waliopo. Simu inakukuta Ubungo kwenye foleni, na kwa adabu aliyofunzwa kwao, dada anaanza na salamu hata kama maji yamemfika kwenye kifundo cha mguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, kuna nini?"

"Maji yamejaa jikoni, mama, sasa yanaingia sebuleni."

"Funga koki!"

"Koki ipi, mama?"

Ndipo unapoanza kueleza: ile ya nyuma, karibu na mpapai, siyo hiyo nyeusi, ile nyingine iliyo chini ya matofali. Mpapai wenyewe ulikatwa mwezi wa pili. Makochi yanaloana, zulia linaloana, na abiria wenzako wote wanafuatilia kesi.

Kwa hiyo rai yangu ni moja, na mengine yote yanatokana nayo: alama za kwenye koki na kwenye breka huandikwa kwa ajili ya atakayekuwepo. Fundi hazihitaji, yeye atafuata waya na bomba mwenyewe. Na wewe siku hiyo utakuwa Posta.

Tuanze na maji, maana hapa kwetu maji yana vituko zaidi ya umeme.

Ushauri uliozoeleka ni kwamba bomba likipasuka, kimbilia koki iliyo karibu na mita. Unafaa mahali ambapo maji yanaingia ndani moja kwa moja kutoka barabarani. Nyumba zetu nyingi haziko hivyo. Maji ya DAWASA yanapita kwenye mita, yanaingia kwenye tenki la chini, au yanapanda yenyewe hadi kwenye mnara siku ambayo presha ipo. Pampu inayasukuma kwenye simtanki, na kutoka kwenye simtanki ndipo yanaposhuka kuingia jikoni na bafuni. Maana yake ni kwamba unaweza kuikaza koki ya mita mpaka mkono uume, na maji yakaendelea kumwagika sebuleni, kwa sababu yaliyokwisha kupanda mnarani hayana habari tena na mita. Simtanki la lita 2,000 lililojazwa alfajiri litashuka lote. Koki inayotakiwa ni ile ya kwenye bomba la kushukia, chini ya simtanki. Na mafundi wetu, Mungu awabariki, mara nyingi huiweka hukohuko juu mnarani, mita tatu kutoka ardhini, na ngazi imeazimwa na jirani.

Ikiwa yako iko juu namna hiyo, na nyumba ni yako au mwenye nyumba ni mwelewa, mwite fundi bomba aongeze koki nyingine pale chini, kwenye urefu wa kifua cha mtu mzima. Ni kipande cha bomba, koki moja na saa moja ya kazi. Kati ya fedha zote utakazotumia kwenye nyumba mpya, naiona hii inatangulia hata mapazia.

Halafu fanya jaribio. Funga hiyo koki ya simtanki, kisha pita ukifungua mabomba yote, moja baada ya jingine: jikoni, sinki la kunawia, bafu, choo, bomba la uani. Yaache yaishe maji yaliyobaki kwenye mipira. Bomba linaloendelea kutoa maji baada ya dakika tano linakula mahali pengine. Utakuta mara nyingi bomba la uani, au hata la jikoni, limeunganishwa na laini ya moja kwa moja kutoka kwenye mita, ili siku za mgawo watu wakinge maji yakifika kabla hayajapandishwa. Nyumba yenye kisima cha kuchimba inaweza kuwa na njia ya tatu. Kila njia ina koki yake, na kila koki inataka jina lake.

Koki zenyewe ni za aina mbili kubwa. Ipo yenye mpini mrefu: mpini ukilala sambamba na bomba, iko wazi, ukikaa msalaba, imefungwa. Hiyo hata mtoto ataielewa kwa kuitazama. Ipo na geti valvu, yenye usukani mdogo wa mviringo, ambayo hufungwa kwa kuzungusha kulia mara nyingi. Hii ndiyo inayotuaibisha. Ikikaa miaka bila kuguswa inaganda, hasa maeneo ya karibu na pwani ambako maji ya visima yana chumvi, na siku unayoihitaji inakatika shina mkononi. Dawa yake ni kuizungusha mara moja kila miezi michache, kufunga na kufungua. Ukiifungua yote, irudishe robo mzunguko ili isijibane mwishoni. Na kama imeshaganda leo, usiilazimishe Jumamosi jioni maduka ya vifaa yakiwa yanafungwa.

Sasa alama. Karatasi na selotepu kwenye koki ya nje haimalizi masika. Chukua dumu la mafuta la lita tano, kata kipande cha ukubwa wa kiganja, toboa tundu pembeni. Pasha msumari moto, ushike kwa koleo, uandike kwa kuchoma plastiki: MAJI YA NYUMBA, FUNGA HAPA. Funga kwa waya kwenye shingo ya bomba. Jua halitafuta maandishi hayo wala mvua haitayaosha. Kwa bibi asiyesoma, paka mpini rangi nyekundu, na usipake nyekundu kitu kingine chochote uani, ili kwenye simu useme neno moja tu: nyekundu.

Kuna nyumba ambazo pampu haipandishi maji mnarani, bali inasukuma moja kwa moja mabombani kila mtu anapofungua. Hapo kabla ya koki kuna swichi ya pampu, na swichi ya pampu ina breka yake, na breka hiyo tutaikuta kwenye umeme. Twende huko.

Umeme wa LUKU una mita, na mita hiyo mara nyingi iko barazani, ukutani kwa nje, au juu ya nguzo huku wewe ndani umebaki na kidude cha kubonyezea tokeni. Mpaka kwenye mita ni mali ya TANESCO, na lakiri iliyopo usiiguse. Baada ya mita ndipo umeme unakuwa wako, na mahali pa kwanza unapofika ni kwenye meinswichi, halafu unagawanywa kwenye breka. Katika nyumba nyingi vyote viko ndani ya sanduku moja la bati au plastiki lenye mlango mdogo. Nyumba kubwa zinaweza kuwa na masanduku mawili, la pili likiwa banda la uani au ghorofa ya juu.

Kwanza tazama sanduku liko wapi na linafikikaje. Nimeona lililofunikwa na kabati la nguo ambalo watu wanne hawalisogezi. Nimeona lililo juu ya mlango, ambako mwenye kimo changu anahitaji stuli. Na yako yale ya nje yaliyowekewa kibanda cha nondo na kufuli kwa kuogopa wezi, jambo la busara, isipokuwa ufunguo anao baba mwenye nyumba, na baba mwenye nyumba anakaa Mbagala.

Ukilifungua utaona safu ya breka, na kila moja ina namba. Hizo ni ampea. Za taa huwa 6 au 10, za soketi 20 au 32, ya jiko la umeme 32 na kuendelea. Pembeni, kama fundi aliyefunga alikuwa mwungwana, utakuta maandishi kwa penseli: jiko, sebule, chumba cha dada. Dada yupi? Wa mwenye nyumba wa zamani, aliyeolewa Morogoro. Ndiyo maana nasema chumba kiitwe kwa mahali kilipo, kisiitwe kwa mtu anayelala humo. Andika: chumba cha kwanza mkono wa kushoto ukitoka sebuleni. Ni maneno mengi, lakini hayahami.

Na maandishi ya zamani usiyaamini mpaka uyajaribu. Kujaribu ndiko kutamu katika kazi yote hii. Chukua redio, hata hiyo unayonisikilizia, ilimradi inatumia umeme wa ukutani na si betri. Zima kwanza vitu vyenye hasira: friji, kompyuta, televisheni. Chomeka redio kwenye soketi ya chumba cha mwisho kabisa, fungulia sauti, rudi kwenye sanduku. Shusha breka moja moja. Redio ikinyamaza, umeipata ya soketi hiyo. Hamisha redio soketi inayofuata. Kwa taa, ziwashe zote, shusha breka, mtoto apite akikuambia zipi zimezimika. Watoto huipenda kazi hii kuliko wakubwa.

Hapo ndipo nyumba itaanza kukusimulia historia yake. Soketi ya jikoni inazimika pamoja na taa ya nje. Banda la uani, ambalo mwenye nyumba aliliongeza akalipangisha, linakula kwenye soketi ya sebuleni kwako, yaani LUKU unayonunua wewe inampigia pasi mpangaji mwingine. Kengele ya geti iko na pampu. Viandike hivyohivyo vilivyo, bila kuviona aibu. Breka isiyozima chochote iandike pia: HAIJULIKANI. Usiiache bila jina, maana mtu ataiona siku ya taharuki akadhani ndiyo yenyewe.

Katika zoezi hilo tazama kitu kingine, ambacho mimi nakihofia kuliko vyote. Breka inakata kwa njia mbili. Ndani yake kuna kibati cha metali mbili kinachopinda kikipata joto. Ukizidisha mzigo kinapinda taratibu hadi kinaachia. Kuna na koili ya sumaku, inayovuta papo hapo waya mbili zikigusana. Mtindo huu si wa jana: hataza ya breka ndogo za namna hii ilitolewa Ujerumani mwaka 1924, kwa Hugo Stotz wa Mannheim. Kazi ya breka ni kuulinda waya. Waya wa milimita za mraba 2.5 uliomo kwenye soketi zetu haupaswi kubebeshwa zaidi ya ampea 20 na ushee. Sasa mtu ana pasi, birika la umeme na jiko la sahani mbili kwenye soketi moja, breka inakata kila siku, anamwita fundi wa mtaani, fundi anaweka ya 63. Haikati tena, na kila mtu anafurahi. Kuanzia siku hiyo kitakachoungua kwanza ni waya, ndani ya ukuta. Katika nyumba za zamani za Ilala na Upanga zenye fyuzi za kaure, ujanja huu ulikuwa kufunga uzi mnene wa shaba mahali pa waya wa fyuzi. Ukiona breka ya soketi ina namba kubwa kuliko meinswichi yenyewe, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na kazi ya kuandika majina isubiri.

Na breka hazikulindi wewe. Ya 32 itapitisha ampea 32 siku nzima bila kulalamika, na mwili wa binadamu unaweza kufa kwa sehemu ndogo sana ya hapo. Kinacholinda mtu ni kifaa kipana kidogo katika sanduku hilohilo, chenye kitufe kilichoandikwa T, ambacho mafundi hukiita RCD. Chenyewe kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua miliampea 30, maana yake kuna unaopita pengine, labda kwenye mguu wa mtu aliyesimama bafuni na shawa ya moto, na kinakata kabla hujamaliza kusema "mama". Miliampea 30 ni chini ya sehemu moja ya elfu ya zile ampea 32. Bonyeza hicho kitufe leo. Umeme ukatike. Usipokatika, kimekufa, na hamkujua. Kama hamna kabisa kifaa hicho kwenye sanduku, hilo nalo ni la kumwambia mwenye nyumba, kwa upole, lakini kwa maandishi.

Wenye jenereta na wenye sola, tafadhalini. Nyumba yenu ina vyanzo viwili, na meinswichi ya LUKU inazima kimoja. Mtu ameshusha meinswichi, ameshika waya kwa amani, na inveta iliyo chini ya ngazi, kwa utiifu wake wote, inapeleka umeme wa betri. Bandika karatasi kwenye sanduku lenyewe, herufi kubwa: ZIMA NA INVETA, IKO CHINI YA NGAZI. Jenereta nayo iwe na swichi ya kubadilisha, ile chenjiova yenye LUKU upande mmoja, jenereta upande wa pili na sifuri katikati. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye vichwa viwili kunaurudisha umeme barabarani, na aliye juu ya nguzo akitengeneza hana taarifa zako.

Karatasi ya orodha ibandike ndani ya mlango wa sanduku, juu yake selotepu pana inayoonyesha. Tumia penseli au maka peni nzuri. Kalamu ya wino wa kawaida hufifia. Meinswichi yenyewe ipe ile nyekundu. Halafu mwite dada, mwite bibi, mpe kila mmoja aishushe na kuipandisha kwa mkono wake mkavu, kandambili mguuni. Aliyewahi kuigusa hataiogopa. Na mwambie wazi lini asiiguse: maji yakiwa yamefika chini ya sanduku, au sanduku lenyewe likitoa moshi, atoke nje na watoto, apige 114, Zimamoto. Vyombo vya ndani viache viende.

Gesi haitatuchukua muda, lakini inageuza mafunzo yote juu chini. Gesi ya mtungi, uwe wa kilo 6, 15 au 38, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama sakafuni. Ukisikia harufu yake, usiwashe wala usizime swichi yoyote, hata hiyo meinswichi tuliyoisifu sasa hivi, kwa sababu cheche ndogo inatosha. Fungua mlango, funga gesi kwenye mtungi wenyewe, toka, simu upige ukiwa nje. Kila anayepika hapo nyumbani azoee kufunga kwenye mtungi kila usiku, asiishie kwenye vifungio vya jiko. Zipo nyumba chache, Mikocheni kwa mfano, zinazopata gesi asilia kwa bomba. Hiyo ni nyepesi, inapanda darini, na koki yake iko ukutani karibu na mita. Nayo ipate kibao chake.

Wapangaji mtaniambia, nyumba si yangu, nihangaike ya nini. Alama hazibomoi ukuta, na makochi yatakayoloa ni yako. Piga picha za sanduku, za koki na za orodha, zirushe kwenye kundi la familia la WhatsApp, ili hata shemeji aliye Mwanza aweze kumwelekeza bibi.

Wanaokaa ghorofani wana shida yao ya peke yao. Koki ya maji ya kila nyumba, na mara nyingi breka kubwa za kila nyumba, ziko kwenye kabati la ngazini, lina kufuli, na ufunguo unakaa kwa mlinzi. Mlinzi wa mchana atakufungulia na kukueleza kila kitu hadi historia ya jengo. Muage, usubiri mpaka saa nne usiku, ushuke tena ukamwombe mwenzake wa zamu afungue kabati hilohilo. Akianza kumpigia wa mchana simu kuuliza ufunguo uko wapi, kesho asubuhi nenda kachonge wa pili.